Kipimo Nilichokuwa Nakizima

Nyasubi, Kahama
Jumapili jioni

Shija, baba,

Begi lako nimelipita pale mlangoni mara nyingi bila kulifungua, na wewe unanijua, hilo kwangu ni kazi. Sitakuandikia habari za kula kwa wakati wala za kushika mfuko ukishuka stendi. Hayo nimekuimbia tangu unaota meno, yaliyoingia yameingia. Umekwenda kuwaaga wenzako, utarudi nimelala au nimejifanya nimelala, na alfajiri sitakuwa na maneno. Mimi nikiaga mtu nakuwa mkali. Baba yako hadi leo akipanda lori lake hudhani nimemchoka. Kwa hiyo naandika. Naandika nikiwa nimechanganyikiwa, usitegemee mpangilio.

Tuanze na jana, maana najua imekukaa kooni. Ulikuwepo, uliona, lakini nataka uione kutokea upande niliokaa mimi.

Masanja aliingia na ule mfuko wa salfeti wenye redio koli saba, tano za zamani na mbili mpya. Nilimwona uso umemshuka kabla hata hajasalimia.

"Mama Shija, shikamoo."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Mayu, Alhamisi tulikaribia kuua mtu."

Akiniita mayu kama anamwita mama yake mzazi, ujue kuna jambo. Akaeleza. Kule Rwamgasa kwenye duara lao la kuchimba dhahabu, kabla ya kulipua, mwenye baruti anasema redioni "funga njia", na walinzi waliosimama kwenye njia za miguu wanawazuia watu. Walinzi wawili walikuwa na hizi redio mpya. Yule wa njia ya kisimani alisikia mkwaruzo tu, akadhani wenzake wanapiga soga. Akamwacha mama mmoja apite, anasukuma baiskeli, mtoto mgongoni. Baruti ikalia. Jiwe likaja likapasua ndoo ya dagaa iliyofungwa kwenye baiskeli, mama akabaki amesimama wima, mtoto mgongoni, wote bila mchubuko. Masanja alisema amezunguka na ile picha kichwani tangu siku hiyo.

"Hizi mpya ni mbovu," akasema. "Zile tano ulizozitengeneza wewe zinasikilizana kama mapacha. Nifanyie hizi mbili zifanane na zako. Jumanne tunalipua tena."

Nikaiunga redio mpya ya kwanza kwenye kipima masafa changu, kile kikubwa cha tarakimu nyekundu, nikawasha, nikasoma. Ilikuwa chini ya masafa yake kwa zaidi ya kilohezi tatu. Ya pili vilevile. Nikamwambia Masanja kwamba amesema kweli, kiwanda kimelala usingizi. Wewe ulitoa kile kipimo chako kidogo kinachoingia mfukoni, ukapima, ukapima tena, halafu ukasema kwa ile sauti yako ya chini, "Mama, hizi mpya ziko sawa. Zilizopanda ni zile tano."

Masanja akanitazama. Sijui kama uliona alivyonitazama. Mimi mwanamke fundi katika mji huu, nimekaa kwenye meza hii wanaume wakiniuliza mwenye duka yuko wapi, na leo jina langu linashikwa mkononi mwa mteja kama nyanya inayobonyezwa sokoni. Nikasema yale niliyosema. Kwamba nilikuwa napima masafa wewe hujazaliwa, na ukae na kimeo chako kibovu. Ukakiweka kimeo chako mezani taratibu, ukaenda kukunja nguo. Tangu hapo ni "ndiyo mama" na "hapana mama", na chai umekunywa umesimama.

Masanja alipoondoka aliziacha redio. Kesho asubuhi anakuja kuzichukua. Mimi nikabaki na vipimo viwili mezani, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kunizunguka.

Changu kinasema tano ziko sawa, mbili zimeshuka. Chako kinasema mbili ziko sawa, tano zimepanda. Jambo ni lilelile, redio hazielewani, na maelezo yote mawili yanalitosha. Halafu likaja wazo baya zaidi. Kazi ya Masanja haihitaji ukweli. Nikizishusha tano, zote saba zitaelewana. Nikizipandisha mbili, zote saba zitaelewana. Nikipandisha mbili namaliza haraka, Masanja ananishukuru, wabeja sana, jina langu linabaki palepale, na wewe unaondoka ukiwa umekosea. Bisibisi nilikuwa nimeishika, sikufichi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana bila huko nyuma hata mimi sijielewi.

Unajua nilianza Ushirombo, kwenye karakana ya misheni, kwa kufagia. Bruda mzee aliyekuwa anashughulikia redio za zahanati za vijijini alikuwa haoni vizuri, akahitaji mtu wa kumsomea namba. Mimi nilikuwa najua kusoma na nilikuwa sina aibu. Pale palikuwa na kipima masafa cha kwanza nilichokiona maishani, kikubwa, watu wawili kukibeba, na tarakimu zake zilikuwa vitaa vya kioo vyenye nyuzi ndani zinazowaka rangi ya chungwa. Nilidhani ni kitu cha altareni. Bruda akaniambia kabla ya mashine ile walikuwa wanapima kwa masikio. Unachukua wimbi unalolijua na wimbi usilolijua, unayasikiliza pamoja, na kadiri yanavyokaribiana unasikia mvumo unapanda na kushuka, unapungua mwendo, unapungua, hadi kimya. Kimya ndicho kilichokuwa jibu. Alinifundisha na hiyo. Nilikuwa naifanya vizuri kuliko yeye, masikio yake yalikuwa yamekwenda na macho.

Mashine yenyewe nilimuuliza inafanyaje, akanipeleka mlangoni mwa kanisa siku ya misa. Akasema, simama hapa, nikikuambia fungua, hesabu wanaoingia, nikisema funga, acha. Ndivyo inavyofanya. Ina lango. Lango linafunguliwa kwa sekunde moja, mitetemo inapita, inahesabiwa mmoja mmoja, lango linafungwa, na hesabu inaandikwa kwenye vitaa. Mitetemo mingapi kwa sekunde, hayo ndiyo masafa. Nilicheka. Nilikuwa nimetegemea kitu cha maajabu.

Basi siku za mwanzo nilikuwa naona tarakimu ya mwisho inacheza, nne, tano, nne, tano, nami namsomea Bruda ile ninayoipenda. Nilidhani mashine inaumwa na sitaki kumtia wasiwasi. Aligundua. Hakunigombeza. Akaniuliza, pale mlangoni, lango likifungwa na mtu ameingiza mguu mmoja, unamhesabu au humhesabu? Nikasema sijui. Akasema na mashine haijui, kwa hiyo mara inamhesabu, mara haimhesabu. Hiyo tarakimu ya mwisho si ugonjwa. Nisomee zote mbili. Nilikuwa binti mdogo na jibu lile lilinikera sana. Nilitaka mashine ijue.

Ile ya vitaa ilikuwa haiwezi mitetemo ya haraka kama ya hizi redio koli. Watu wanaingia mlangoni mbio kuliko macho ya mhesabuji. Ndipo ikaja hii ya tarakimu nyekundu, ambayo mbele ya lango imewekewa kigawanyo. Kumi wakipita inapeleka mmoja ndani, halafu mwisho inazidisha. Kama sisi tunavyohesabu mafungu ya viazi badala ya kiazi kimoja kimoja. Bruda alifurahi ilipofika, akaisogelea kwa pua hadi nikaogopa itamchoma.

Na sekunde yenyewe, nani anaipima? Hilo nilichelewa kuliuliza. Lango likikaa wazi zaidi ya inavyotakiwa, wataingia wengi, nawe utasema watu wameongezeka. Likiwahi kufungwa, utasema wamepungua. Watu ni walewale. Bruda akafungua kifuniko akanionyesha kikopo kidogo cha bati. Humo ndani, akasema, kuna kipande cha jiwe, na jiwe lile linatetemeka bila kuchoka, ndilo linalofungua na kufunga lango. Jiwe gani? Akanitajia. Shija, ni lilelile jiwe jeupe ambalo akina Masanja wanalishusha kwenye karasha, wanalisaga wapate chembe ya dhahabu, na linalobaki wanalimwaga. La humo ndani limekuzwa kiwandani, ni safi, lakini ukoo wao ni mmoja. Nilikaa na habari hiyo wiki nzima, nikiokota vijiwe vyeupe barabarani na kuviweka sikioni. Mama yangu aliniuliza kama nimepata mchumba.

Jiwe lile lina tabia. Joto likibadilika, mwendo wake unabadilika. Kwa hiyo wametengeneza humo ndani ya kikopo tanuri dogo la umeme linalolikalisha kwenye joto moja, kali, mchana na usiku. Jiwe limekatwa liwe sahihi kwenye joto hilo, na likipoa linakwenda mbio. Likienda mbio lango linawahi kufungwa. Lango likiwahi kufungwa, redio iliyo sawa inaonekana imeshuka.

Sasa umeshanishika. Najua umeshacheka hapo ulipo.

Misheni ilipofunga karakana, Bruda alinikabidhi ile ya tarakimu nyekundu. Alisema mengi, na moja alilisema akiwa ameshika waya wenyewe: "Hii usiizime. Hata kama huitumii, iache kwenye umeme." Nilisikia. Nilielewa na sababu yake. Nilipohamia hapa Nyasubi niliiacha inawaka, labda mwezi. Halafu masika yakaingia. Unaujua mtaa wetu wingu likitanda, kila nyumba inachomoa waya ukutani na kufunika vioo, maana radi ya Kahama haina simile. Jirani yetu wa upande wa mashine ya kukoboa alikuwa amepoteza televisheni na friji kwa mpigo mmoja. Nikachomoa. Mvua ikaisha, nikasema nitachomeka baadaye. Halafu luku nayo, uniti zinakwisha kwa kitu ambacho hakifanyi kazi, kinajipasha joto tu pembeni kama paka. Ikawa desturi. Mteja akija nachomeka, namba zikiwaka napima, nachomoa. Namba zilikuwa zinawaka vizuri, Shija. Hazikuwaka kwa aibu. Hicho ndicho kinachonichanganya mpaka sasa, kwamba kitu kilichokosea na kitu kilichopatia vinawaka rangi moja.

Na kazi ilikwenda. Hapo tena sielewi niseme nini. Miaka yote hiyo nilizivuta redio za watu juu, zote kwa kiasi kilekile, na kwa kuwa zote zilipita kwenye meza yangu, zilielewana. Madereva wanaobeba kokoto kwenda Bugarama, walinzi wa shule, zahanati za huko Msalala, akina Masanja. Walikuwa wananisifu. "Redio za Mama Shija zinasikilizana." Kumbe nimewakosesha pamoja, na kukosea kwa pamoja kunafanana sana na kupatia. Ilipokuja redio moja iliyo sahihi kutoka dukani, yenyewe ndiyo ikaonekana mbovu. Nami nikataka kuirekebisha.

Nimeliwaza hilo leo kutwa, na sijui nikupe ushauri gani kutokana nalo. Ningekuwa mzazi mwenye akili ningesema, usikubali kufuata kundi. Lakini kundi lile lilikuwa linaokoa watu. Tano zile ziliwafungia watu njia salama mara ngapi? Redio moja iliyo sawa kati ya zilizokosea ndiyo iliyokaribia kuua. Ukifika huko Dar kwenye hiyo maabara yako ya vipimo na ukajikuta wewe peke yako uko sawa, usifurahi haraka. Kuna mtu yuko njiani na baiskeli yake, anategemea wewe na wenzako mwelewane. Hapo mimi nakwama. Wewe utapaendeleza.

Sasa nikuambie nilivyojua, maana usidhani nilikuamini. Sikukuamini.

Jana kwa hasira niliondoka mezani bila kuchomoa waya. Mara ya kwanza kwa miaka sijui mingapi. Wingu halikutanda, kikawaka usiku kucha. Asubuhi nimetoka misa ya kwanza, wewe hukuwepo, nikasema ngoja nimpimie huyu mtoto tena, akirudi nimwonyeshe. Nikaunga ile redio mpya. Namba ikaja nyingine. Kilohezi tatu hazipo. Nikaunga ya pili, vilevile, iko sawasawa isipokuwa vijitarakimu vya mwisho. Nikaunga moja ya zile tano, redio niliyoitengeneza kwa mikono yangu, na kipimo changu mwenyewe, kile nilichokutukania, kikaniambia imepanda.

Nilikaa chini. Nilihisi kama mtu aliyesalitiwa na ndugu, halafu anakumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye amekuwa akimfungia ndugu huyo nje kwenye baridi kila siku. Nikaanza kusema peke yangu. Nikasema labda kimeharibika usiku, labda umeme ulipanda na kushuka. Nilikuwa natafuta njia ya kutokea. Mtu mzima akikosea hutafuta kwanza mlango wa nyuma, utaona ukifika umri huu.

Nikahitaji shahidi wa tatu. Nikakumbuka yule mdudu wako wa dirishani, wa waya mrefu, ambaye niliwahi kumhamisha nikidhani ni chaja ya simu. Uliniambia anasikiliza setilaiti, kwamba huko juu kuna saa zinazolindwa kuliko saa zote, zinashuka hapa bure, na kipimo chako kinaweza kuazima sekunde kutoka kwake badala ya kutegemea jiwe lake. Nilikuwa nimekujibu "haya" bila kukusikiliza. Leo nimempandisha juu ya bati la jikoni mwenyewe, kwa ngazi, na majirani wananiuliza kama king'amuzi kimekata. Nikangoja kitaa chake kiwe kijani kama ulivyosema. Kilichukua muda hadi nikadhani nimekiua.

Kijani kikaja. Nikapima zote saba, moja baada ya nyingine.

Ulikuwa sahihi. Nimeiandika hiyo sentensi peke yake ili usiseme niliipitisha katikati ya mengine.

Lakini usijivune, baba. Kipimo chako kisipoazima sekunde huko juu nacho kinakosea kidogo. Kidogo sana, hakimzuii mtu kusikia, ila kinakosea. Nilicheka peke yangu kama kichaa nilipoona. Na changu kikiwa kimeshiba joto kinakosea kidogo zaidi ya chako, jiwe limezeeka, nadhani. Kuna skrubu ya kulirekebisha ambayo Bruda aliiziba kwa rangi ya kucha, rangi ya kucha ya nani sikuwahi kuthubutu kumuuliza. Sikuigusa. Ulipokuwa kidato cha pili ulitaka kuigusa na nikakuchapa kofi, unakumbuka. Baada ya pale uliacha kuniuliza maswali kwa muda mrefu, nami nikasema mtoto amepata adabu. Ulikuwa umejifunza kunyamaza mbele yangu. Jana ulijaribu kusema tena mara ya kwanza, ukaona kilichokupata. Hilo linaniuma kuliko redio zote, na sijui linarekebishwa kwa bisibisi ya namna gani.

Kitu kingine kimenivuruga, nikuachie uniandikie ukiwa na nafasi. Nimekitazama kipimo chako kinavyofanya kazi. Hakingoji lango lifunguke sekunde nzima kama changu. Kinaangalia mtetemo umeanza lini na wa mwisho umeisha lini, kinapima huo muda wenyewe hadi vipande vyake vidogo, halafu kinapiga hesabu kinyumenyume. Ule mguu mmoja mlangoni chenyewe kinajua umeingia kwa kiasi gani. Kwa hiyo kinatoa tarakimu nyingi kwa haraka, tarakimu ambazo mimi na Bruda tungengoja hadi chai ipoe. Nimeelewa hivyo, ingawa nusu yake nimebahatisha. Lakini tarakimu zote hizo nyingi zinatoka wapi ukweli wake, kama jiwe lenyewe limekosea? Zitakuwa nyingi na zitakosea zote pamoja. Nilitamani Bruda awe hai nimuulize. Halafu nikakumbuka kwamba wa kuulizwa yupo, ni wewe, jana ulikuwa chumba cha pili unakunja nguo, na nilikuwa nimekufungia mlango wa maneno.

Saa kumi nilimpigia Masanja. Niliona bora nimwambie kabla ujasiri haujapoa.

"Masanja, redio zako mpya ni nzima."

"Ila zile tano?"

"Zile tano ndizo zilizopanda. Nilizipandisha mimi."

Nikasikia karasha inasaga nyuma yake.

"Kwa hiyo kosa lilikuwa lako, mayu."

"Langu."

"Na nani amegundua?"

"Shija."

"Yule wa kimeo?"

"Huyo huyo."

Hakucheka. Nilitaka acheke. Akasema, taratibu, bila ubaya wowote, na hiyo ndiyo iliyoniumiza, "Sasa mayu, mimi Jumanne nawasha baruti. Wewe nitakuaminije?"

Shija, nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na miaka yangu yote mezani. Nikafungua mdomo, nikamwambia, "Sijui, Masanja." Ni mara ya kwanza nimemwambia mteja sijui. Nilitegemea ardhi ipasuke. Karasha iliendelea kusaga tu.

Akasema, "Mwambie Shija azipime yeye. Yeye akisema ziko sawa, nazichukua."

Nikasema sawa. Nikakata simu nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Nitakuambia nilichosikia moyoni, maana barua haina uso. Kwanza wivu. Wivu wa mama kwa mtoto wake wa kumzaa, ulishawahi kusikia? Halafu chini yake kulikuwa na fahari kubwa hadi nikashika ukingo wa karai. Vyote viwili kwa pamoja, vinapokezana, na sijaweza kukusomea kimoja. Nakusomea vyote.

Baada ya hapo nimezishusha zile tano, kwa kipimo chako, mdudu akiwa juu ya bati. Kuanzia wiki ijayo nitaenda kwa hao wengine wote, mlango kwa mlango, Bugarama na Msalala, nikawaombe redio zao. Wengine watanicheka. Wengine watapeleka kazi kwa fundi mwingine, na watakuwa na haki. Nimeyapigia picha maisha hayo kichwani na yananitisha, sikufichi. Lakini kila nikitaka kunyamaza naona mtu mwingine anasukuma baiskeli kwenye njia nyingine, na mlinzi mwingine anasikia mkwaruzo.

Unaenda mahali pa kupima vipimo vya wengine. Watakuletea vitu vinavyowaka vizuri, na watu wenye miaka mingi nyuma yao kama mimi, na itabidi uwaambie. Sina la kukufundisha hapo, jana nimekuonyesha tu huyo mtu anavyokuwa mkali. Ukikutana naye, usikunje nguo. Kaa. Rudia kusema. Atakutukana, na kuna uwezekano usiku wake akaenda kuangalia tena.

Sasa nikuombe kitu, kisha niache kalamu.

Redio saba ziko mezani, nimezifunika kitambaa cha maua. Kipimo chako kiko kando, kijani bado kinawaka, changu nacho nimekiacha kwenye umeme na wingu litande litakavyo. Mimi naona ziko sawa, lakini mimi nimekuwa naona ziko sawa miaka yote. Ukirudi, hata umechoka, zipime zote. Usizipime kwa kunionea huruma. Ukikuta hata moja haiko sawa, niamshe, tutaketi tuirekebishe pamoja hadi kuche, na basi likikuacha litakuwa limekuacha. Kesho kutwa lipo lingine. Nami kwa siku hiyo moja sitajifanya nimehuzunika.

Ukikuta zote ziko sawa, usiniamshe. Chukua begi uende, mwanangu.

Mama yako